Ile sindano ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani Mwika, nimekwenda kumjulia hali mama yangu. Kabla chai haijamiminwa akaingia mama kijana wa jirani, bahasha ya kaki mkononi. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 6, alikuwa amepangiwa upasuaji wa kuondoa mafindofindo katika hospitali moja mjini Moshi wiki iliyofuata. Muuguzi alikuwa amemweleza vizuri: mtoto atalazwa usingizi, atapewa sindano ya kulegeza misuli, atawekewa bomba la kumsaidia kupumua, atafanyiwa upasuaji, kisha ataamshwa. Yote aliyakubali isipokuwa hilo la misuli. Sokoni kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba sindano hiyo inapoozesha mwili mzima, na kwamba mtu akishachomwa hata kupumua hapumui tena.

"Shikamoo daktari. Samahani nakusumbua siku ya mapumziko."

"Marahaba mama. Karibu ukae."

"Nikisaini hii karatasi, si ndiyo nimekubali mwanangu apoozeshwe?"

Ningeweza kumwambia kwamba huyo mtu wa sokoni ni mwongo, akaenda zake ametulia. Lakini hakuwa mwongo. Alichosema ni kweli, ila alisema nusu ya habari na kuiacha nusu nyingine, ile ambayo mzazi anaihitaji zaidi. Siku ile nilimjibu kwa kifupi, kikombe mkononi. Leo namjibu kwa kirefu, nikiamini wapo wazazi na wagonjwa wengi wenye bahasha kama ile. Niseme mapema kwamba mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, si wa dawa za usingizi. Kwa hiyo kabla ya kuandika nimekaa na wenzangu wa chumba cha upasuaji nikawauliza maswali yenu.

Nusukaputi, kama wengi wetu tunavyoiita, si dawa moja. Ni kazi tatu zinazofanywa kwa pamoja. Ya kwanza ni kumlaza mgonjwa usingizi asijue kinachoendelea. Ya pili ni kumzuia asipate maumivu. Ya tatu, ambayo watu hawaisikii sana, ni kuilegeza misuli. Si kila upasuaji unahitaji hii ya tatu. Kushonwa jeraha kwa ganzi hakuihitaji. Mama anayejifungua kwa upasuaji mara nyingi huchomwa sindano ya mgongoni, naye hubaki macho na kumsikia mtoto wake akilia. Lakini upasuaji wa tumbo, wa kifua, au wa koo, ambapo lazima bomba lipitishwe hadi kwenye njia ya hewa, ni vigumu kuufanya vizuri na kwa usalama bila misuli kulegea.

Kwa nini? Jaribu kuweka kidole nyuma kabisa ya ulimi wako. Utakohoa na koo litajifunga, na hiyo ni kinga nzuri aliyotupa Mungu tusipaliwe na chakula. Mtu aliyelala usingizi wa dawa bado anaweza kuwa na kinga hiyo, na bomba likiguswa kwenye nyuzi za sauti, zinabana. Tumbo nalo hukaza likiguswa. Daktari anayetafuta kidole tumbo kilichooza ndani ya tumbo lililokaza kama ngoma anafanya kazi ngumu, na kwa mgonjwa ni ya hatari. Zamani, kabla ya sindano hizi, njia ya kulegeza tumbo ilikuwa kuongeza dawa ya usingizi mpaka mgonjwa azame kabisa, na kuzama huko kuliuchosha moyo na kushusha shinikizo la damu. Wagonjwa dhaifu walipotelea hapo.

Asili ya dawa hizi ni sumu ya mishale, na hapa nitachepuka kidogo kwa sababu habari yenyewe ni tamu. Wawindaji wa Amerika ya Kusini walipaka kwenye mishale yao utomvu uitwao kurare. Mnyama akichomwa, hulegea, huanguka, kisha hufa kwa kukosa pumzi. Msiichanganye na sumu ya mishale ya kwetu, ile ya Wakamba na Wahadzabe. Hiyo hutoka kwenye mti mwingine kabisa na hushambulia moyo. Kurare haiui moyo. Mwaka 1814, Mwingereza Charles Waterton na wenzake walimchoma punda jike kwa kurare mjini London. Punda akaanguka, akaacha kupumua. Wakamtoboa koo na kumpulizia hewa kwa mivukuto, kama ile ya mhunzi, kwa saa kadhaa. Sumu ilipoisha nguvu punda akainua kichwa, akasimama. Aliishi miaka mingine 25 hivi akila majani shambani kwa Waterton.

Ukimwelewa punda huyo umeshaelewa karibu yote niliyotaka kukueleza leo. Dawa haikumuua. Ambacho kingemuua ni kukosa hewa, na alikuwapo mtu wa kumpa hewa mpaka dawa iishe.

Ilipita zaidi ya karne moja kabla madaktari hawajathubutu. Tarehe 23 Januari 1942, mjini Montreal, Kanada, daktari Harold Griffith na msaidizi wake Enid Johnson walimpa kurare kijana aliyekuwa akifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Tumbo likalegea, upasuaji ukaenda salama. Tangu hapo dawa nyingine nyingi zimetengenezwa viwandani, na baadhi yake zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sasa dawa yenyewe inafanyaje kazi? Ukitaka kuinua mkono, ubongo hutuma ujumbe kupitia mshipa wa fahamu. Mshipa huo haugusani na msuli moja kwa moja. Kati yao upo upenyo mdogo mno. Ujumbe ukifika mwisho wa mshipa, kemikali iitwayo asetilikolini hutolewa, huvuka upenyo na kuingia kwenye msuli kama ufunguo kwenye kitasa. Msuli unakaza. Dawa za kulegeza misuli hukaa kwenye kitasa hicho. Nyingi ni kama ufunguo unaoingia lakini hauzunguki: kitasa kimezibwa, ufunguo halisi hauna pa kuingia, msuli unabaki umelegea. Sumu ya baadhi ya nyoka wa jamii ya fira hufanya kazi mahali hapo hapo, ndiyo maana aliyeumwa nao huanza kufumba kope bila kutaka, na baadaye hushindwa kupumua.

Vitasa vya aina hiyo vipo kwenye misuli tunayoiendesha kwa hiari: mikono, miguu, shingo, tumbo, kope, na ule msuli mpana chini ya mapafu unaotuwezesha kupumua. Moyo hauendeshwi kwa njia hiyo, kwa hiyo unaendelea kudunda. Utumbo nao una njia yake, na mfuko wa uzazi pia. Kwa mama mjamzito anayelazimika kupewa nusukaputi, dawa hizi kwa kipimo cha kawaida huvuka kidogo sana kwenda kwa mtoto, kwa hiyo mtoto huzaliwa na nguvu za kupumua mwenyewe.

Ubongo pia hauguswi. Hili lilithibitishwa kwa namna ambayo mimi nisingeijaribu: daktari Mmarekani, Scott Smith, alikubali achomwe kurare akiwa macho mpaka alegee kabisa, wenzake wakimpumulisha. Taarifa yao ilitoka mwaka 1947. Alisikia kila neno na kuhisi kila alichoguswa. Alichoshindwa ni kujongea tu.

Hapo ndipo palipo na mambo mawili ambayo mtu wa sokoni hakuyasema. Kwanza, kwa kuwa mgonjwa hapumui, lazima awepo mtu anayempumulisha, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Huyo ndiye mtaalamu wa usingizi. Hatoki chumbani, haendi kunywa chai. Anakaa kichwani kwa mgonjwa, anaangalia kifua kikipanda na kushuka, anaangalia kipimo cha oksijeni kilichobanwa kidoleni, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwetu, mara nyingi mtu huyo ni muuguzi au tabibu aliyesomea kazi hiyo. KCMC pale Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ni moja ya mahali wanapofundishwa. Pili, kwa kuwa dawa hii hailazi usingizi wala haiondoi maumivu, haipewi peke yake kamwe kwa upasuaji. Dawa ya usingizi hutangulia. Mtoto wako atakuwa amelala tayari wakati misuli inalegea. Hataijua kabisa sindano hiyo.

Zipo za aina mbili. Ya muda mfupi ni suksamethoniamu, ambayo wazee wa thieta bado wanaiita Scoline. Hufanya kazi ndani ya dakika moja hivi na huisha ndani ya dakika 5 hadi 10. Hii haizibi tu kitasa. Hukifungua kwanza, ndiyo maana misuli huchezacheza kidogo kabla ya kulegea. Kesho yake mgonjwa anaweza kuamka na maumivu ya shingo, mabega na kifua, kama mpagazi aliyeshuka mlimani jana. Maumivu hayo hayana hatari, huisha kwa siku mbili tatu, na parasetamoli husaidia. Naeleza hili kwa sababu nimewaona watu waliorudi hospitali wakidhani walipigwa walipokuwa wamelala.

Ya muda mrefu ni kama vekuroniamu na atrakuriamu. Hizi huchukua dakika mbili tatu kuanza kazi na hukaa nusu saa au zaidi. Pankuroniamu hukaa hata saa moja na kupita. Upasuaji ukiisha, mtaalamu hutoa dawa ya kuzipindua, mara nyingi neostigmini pamoja na atropini. Ukiamka kinywa kikavu kama umelala jangwani na moyo ukienda mbio kidogo, huenda ni hiyo atropini. Nchi tajiri zina dawa mpya zaidi, sugamadeksi, inayoikamata vekuroniamu kwenye damu na kuiondoa haraka. Bei yake ni kubwa. Kama utaipata, huko au hapa, na unatumia vidonge, sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, mwambie daktari: inaweza kupunguza nguvu ya kinga hiyo, na inabidi utumie njia nyingine ya ziada kwa siku 7.

Tuje kwa yale yanayonifanya niandike.

Siku ile Mwika, baada ya kumweleza yule mama kuhusu punda na mivukuto (alicheka, nikafurahi), nilimuuliza swali ambalo huulizwa kila mgonjwa: "Kwenye familia yenu kuna mtu yeyote aliyewahi kupata shida na dawa ya usingizi? Aliyechelewa kuamka, aliyekaa kwenye mashine, aliyefariki mezani?" Akasema hapana, hospitali walishamuuliza, na kwao hakuna. Nikamuuliza, na upande wa baba wa mtoto? Akanyamaza kidogo. Huko hakuwa ameuliza.

Jioni alirudi na mama mkwe wake, bibi wa mtoto. Nilimwamkia, tukaketi. Bibi alianza mbali, akapita kwenye mavuno na kwenye bei ya kahawa, kama wazee wetu wanavyofanya wanapokaribia jambo zito. Mwishowe akasema: mdogo wake baba wa mtoto, alipokuwa kijana, alivunjika mguu kwa pikipiki akafanyiwa upasuaji. Upasuaji uliisha mchana, yeye akaamka usiku. Muda wote huo alikuwa akipumulishwa. Madaktari walisema dawa ilichelewa kutoka mwilini. Nyumbani watu walisema mengine. Walitafuta nani mwenye ubaya naye, na kuna jirani ambaye mpaka leo hawasalimiani vizuri. Alipopona, ikaamuliwa habari hiyo isizungumzwe tena. Mkwe aliyeolewa baadaye hakuwahi kuambiwa.

Ninyi wasomaji mnaona kilichokuwa kinakuja. Suksamethoniamu huisha haraka kwa sababu kwenye damu yetu kuna kimeng'enya kinachoivunjavunja. Watu wachache huzaliwa na kimeng'enya kilicho dhaifu. Maisha yao yote hawajui, kwa kuwa hakiwasumbui kwa lolote lingine. Wanapopewa sindano hiyo, dakika 5 huwa saa kadhaa. Matibabu yake ni rahisi kuyasema: endelea kumlaza usingizi, endelea kumpumulisha, subiri. Baba mdogo yule aliokolewa na mtu aliyekaa kichwani kwake akimpa pumzi mchana kutwa, mtu ambaye familia haikumjua hata jina. Hakulogwa na yeyote.

Hali hii hurithiwa. Kwa kawaida mtu anayepata shida kubwa amerithi kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja ndio walio kwenye hatari zaidi, na mtoto wa kaka yake anaweza asiwe nayo kabisa. Kipimo cha damu cha kuhakikisha kipo, ingawa si kila hospitali inacho. Lakini hata bila kipimo, mtaalamu wa usingizi akijua tu, kazi ni nyepesi: anaiacha suksamethoniamu anatumia nyingine. Sentensi moja ya bibi ilitosha kubadili sindano.

Kwa hiyo kabla ya upasuaji uliza pande zote mbili. Waulize mashangazi. Usiulize "kuna aliyekuwa na mzio?" kwa sababu watasema hapana, uliza "kuna aliyechelewa kuamka?" Uliza pia kama kuna aliyepandwa na homa kali ghafla na kukakamaa mwili akiwa kwenye nusukaputi. Huo ni ugonjwa mwingine wa kurithi, ni nadra, lakini unaua, na huamshwa na suksamethoniamu pamoja na baadhi ya dawa za usingizi za kuvuta kama halotheni.

Wazazi wa watoto wa kiume, nisikilizeni zaidi hapa. Kuna ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli unaoanza utotoni, na mtoto anaweza kuwa nao kabla haujatambuliwa. Alichelewa kutembea. Anaanguka mara nyingi kuliko wenzake. Akitaka kusimama kutoka chini hujiegemeza kwa mikono kwenye magoti na mapaja yake, kama anajipanda mwenyewe. Ndama za miguu ni nene, bibi anasema mtoto ana nguvu, kumbe sivyo. Kwa mtoto wa namna hii suksamethoniamu inaweza kuusimamisha moyo, kwa sababu misuli yake humwaga potasiamu nyingi kwenye damu kwa mara moja. Ukiona dalili hizo, hata moja, usione haya kuzitaja. Mtaje pia ndugu aliyekuwa na hali hiyo.

Hatari hiyo hiyo ya potasiamu humkabili aliyeungua sana moto, kuanzia siku ya pili hivi hadi miezi mingi baadaye, aliyepooza miguu, aliyelala kitandani wiki nyingi bila kujongea, na mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake ipo juu tayari. (Mnaouliza kuhusu ndizi: potasiamu ya ndizi kwa mwenye figo nzima haina neno, endeleeni na machalari yenu.)

Wakulima nao wana jambo lao. Baadhi ya dawa za kuua wadudu tunazopulizia kwenye kahawa, nyanya na mboga hukizuia kimeng'enya kile kile kinachoivunja suksamethoniamu. Aliyepulizia shamba kwa siku kadhaa bila glavu wala barakoa, kisha akapelekwa hospitali kwa upasuaji wa dharura, anaweza kuchelewa kupumua kama yule mwenye kasoro ya kurithi. Hakuna daktari atakayelijua hilo kwa kukuangalia usoni. Sema ulipulizia lini, na kama una chupa au picha yake kwenye simu, ionyeshe.

Mwenye kope zinazolegea jioni, anayeona vitu viwili viwili, anayechoka kutafuna nyama kabla hajamaliza sahani, anaweza kuwa na ugonjwa wa misuli ambao hizi dawa za muda mrefu, hata kwa kipimo kidogo, humlegeza kupita kiasi. Aliyepewa magnesiamu kwa kifafa cha mimba, au anayechomwa jentamaisini, dawa nayo humkaa muda mrefu zaidi. Hospitali huwa wanalijua kutoka kwenye faili, lakini kama umehamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine usiku, faili hubaki nyuma mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Wewe ukiwa na mdomo, litaje.

Mzio upo. Dawa za kulegeza misuli ni miongoni mwa dawa zinazoongoza kwa kuleta mzio mkali chumbani mle, shinikizo kushuka ghafla, kifua kubana, mwili kutoka mabaka. Hutokea kwa wachache, na dawa ya kuutibu, adrenalini, inapaswa kuwa mkononi. Kama uliwahi kuupata, usikubali kutoka hospitali bila kuandikiwa ni dawa gani.

Swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: je, naweza kuwa macho huku nimelegea, nikasikia kisu, nisiweze kusema? Linatokea, na sitawaficha. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland na kutolewa mwaka 2014 ulikuta taarifa za wagonjwa waliozinduka hivyo ni kama mmoja kati ya 19,000 waliopewa nusukaputi. Waliolegezwa misuli walikuwa mmoja kati ya 8,200 hivi. Wasiolegezwa, mmoja kati ya zaidi ya 135,000. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji akiwa amepewa nusukaputi kamili ilikuwa karibu mmoja kati ya 670, kwa sababu dawa ya usingizi hupunguzwa ili mtoto asilegee na kila kitu hufanyika kwa haraka. Hizo ni namba za kule, zenye mashine za kule. Wengi wao walizinduka kwa muda mfupi, mwanzoni au mwishoni. Kama ilikutokea, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Usikubali kuambiwa uliota. Watu wamebeba jambo hilo miaka, wanashindwa hata kulala, kwa kudhani hakuna atakayewaamini.

Kuhusu kula: misuli ikilegea, ile kinga ya koo niliyosema haipo. Chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe au ya kopo ni saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Lakini fuata saa ulizopewa na hospitali yako. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Na nyie akina bibi mnaompa mjukuu kikombe cha uji kwa siri alfajiri kwa sababu "atapasuliwaje na njaa," nawaelewa, nami nina bibi, lakini ikitokea, semeni. Upasuaji utasogezwa, basi.

Baada ya upasuaji, swali ni kama misuli imerudi yote. Nikiwa daktari wa mafunzo, katika hospitali ambayo sitaitaja, mzee mmoja alirudishwa wodini mapema mno. Nilimkuta macho yamefumba nusu, sauti haitoki, mikono inatapatapa kama samaki aliyevuliwa. Muuguzi wa zamu alidhani ana usingizi. Meku yule alikuwa macho kabisa, ila dawa ilikuwa haijaisha, na pumzi zilikuwa fupi fupi. Tulimwekea oksijeni, tukamwita mtu wa usingizi, akaongezewa dawa ya kupindua. Alipopata sauti, jambo la kwanza alilosema ni kwamba alikuwa akituita na hatukusikia.

Siku hizi kipo kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye kifundo cha mkono; hutoa mshtuko mdogo na mtaalamu huhesabu dole gumba linavyocheza. Pasipo kifaa, mgonjwa huombwa ainue kichwa kutoka kwenye mto na kukishikilia sekunde 5, abane mkono wa muuguzi, atoe ulimi. Kipimo hicho hakitoshi peke yake lakini ni bora kuliko kubahatisha. Wewe ndugu uliyekaa kando ya kitanda, ukiona mgonjwa hawezi kuinua kichwa, kope nzito, maneno yanakwama, au kifua kinapanda kwa shida, usisubiri raundi ya daktari. Ita hapo hapo.

Yule mtoto wa Mwika alifanyiwa upasuaji siku aliyopangiwa. Mama yake alikwenda mapema, akamtafuta mtaalamu wa usingizi kabla ya kusaini, akamweleza habari ya baba mdogo kama alivyoisikia. Akaambiwa asante, ikaandikwa kwa wino mwekundu juu ya faili, dawa ikabadilishwa. Mtoto aliamka analia na kudai aiskrimu.

Baba mdogo naye alikwenda na karatasi zake za zamani, na sasa amepewa nyingine yenye jina la dawa, kilichotokea na mwaka. Anaikunja pamoja na kadi yake ya bima. Ana watoto watatu, na dada wawili walioolewa Rombo. Wote ameshawapigia simu.

Wiki ijayo nitajibu mlioniuliza kuhusu sindano ya mgongoni, na kama ni kweli ndiyo inayoleta maumivu ya kiuno baada ya kujifungua.